Karakana ya Free Area na kifundo kinachopona: tathmini ya mwendeshaji wa pikipiki

Pikipiki ndicho chombo changu cha kazi. Mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo, na wafugaji wengi ninaowahudumia wanaishi Bahati, Subukia na Solai katika Kaunti ya Nakuru, mahali ambapo lami huisha mapema na safari yenyewe huanzia pale lami inapoishia. Mwishoni mwa Machi, mvua za masika zilipokuwa zimeanza kulainisha njia za mashambani, niliteleza kwenye mteremko wa tope huko Subukia na pikipiki ikaniangukia mguu wa kulia. Mfupa wa nje wa kifundo ulipasuka, ingawa kwa bahati njema haukuhama mahali pake, na kwa hiyo sikufanyiwa upasuaji. Nilikaa na plasta kwa wiki sita, nikatembea kwa magongo kwa muda, kisha nikaanza mazoezi ya fiziotherapia mara mbili kwa wiki.

Ninaandika tathmini hii kwa sababu karakana moja ndogo jijini Nakuru ilinifanyia kazi ambayo sikujua kwamba inaweza kuombwa. Iliirekebisha pikipiki yangu ilingane na mguu unaopona, badala ya kuniacha niulazimishe mguu ulingane na pikipiki. Nusu ya maumivu niliyokuwa nikiyahesabu kuwa ya mfupa yalitokana na vyuma vilivyowekwa mahali pasipofaa, na ushahidi wangu ni kwamba maumivu hayo yaliondoka siku ile ile spana ilipopita, ilhali mfupa ulikuwa ni ule ule wa jana yake.

Karakana ipo Free Area, upande wa mashariki wa jiji, katika kichochoro kinachoingia ndani kutoka barabara kuu ya kwenda Nairobi. Haina kibao. Mgeni huitambua kwa tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeupe na kutundikwa juu ya lango la mabati. Fundi mwenyewe ni mtu mzima mwenye maneno machache, aliyejifunza kazi kwa kutengeneza Yamaha AG 100, zile pikipiki zilizoundwa kwa ajili ya kazi za shambani ambazo maafisa wa kilimo walizunguka nazo vijijini. Anasaidiwa na vijana wawili. Wateja wake wengi ni waendeshaji wa boda boda wenye Boxer zinazohitaji cheni, klachi na breki, na ni katikati ya kazi hizo za kila siku ndipo hupenyeza kazi kama yangu.

Kabla ya kueleza alichofanya, ni lazima nieleze hali ya mguu nilioupeleka kwake, kwa sababu bila hiyo marekebisho yake hayaeleweki. Kifundo kikifungwa kwa wiki kadhaa, uwezo unaopotea kwanza, na kuchelewa kurudi, ni ule wa kukunja wayo kuelekea juu, upande wa muundi. Mtaalamu wangu wa fiziotherapia huupima kwa njia rahisi sana: unasimama ukiuelekea ukuta, unaweka wayo chini bila kuinua kisigino, unapeleka goti mbele hadi liguse ukuta, kisha anapima umbali kati ya kidole gumba cha mguu na ukuta. Mguu wangu wa kushoto ulifika sentimita 11. Wa kulia, wiki ya kumi tangu nianguke, ulifika sentimita 4 tu. Nilikuwa ninaweza kutembea bila gongo, kupanda ngazi, na kusimama kwa mguu huo mmoja kwa nusu dakika. Kushuka ngazi ndiko kulikonishinda, kwa kuwa kushuka hudai mkunjo ule ule niliokuwa sina.

Daktari aliniruhusu kurudi kwenye pikipiki kwa sharti kwamba nianze na barabara tambarare, na nilitii. Hata hivyo, ndani ya dakika kumi za kwanza kifundo kilikuwa kinawaka moto, hasa niliposimama juu ya vyuma vya kuwekea miguu ili kuvuka matuta. Nilidhani mfupa haujashika. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba umeshika vizuri. Ni mteja wangu mmoja wa Kabatini, mfugaji ambaye aliwahi kuvunjika mguu kwa trekta, aliyeniambia nimpelekee fundi huyo pikipiki na mguu kwa pamoja.

Nilipofika, fundi hakuanza na pikipiki. "Daktari, umekuja na viatu vya porini?" aliniuliza, kwa maana hapa kwetu mtu yeyote anayebeba chanjo ya ng'ombe huitwa daktari. Sikuwa navyo. Nilikuwa nimevaa viatu vya kawaida vya ngozi, na alinirudisha nyumbani nikavilete, akisema kwamba unene wa soli na ugumu wa shingo ya buti hubadilisha kila kipimo atakachochukua. Wakati huo nilikasirika. Sasa naona kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa dalili ya kwanza ya umakini wake, kwa sababu buti ngumu la kuendeshea pikipiki huzuia kifundo kisijikunje ovyo, na kwa kufanya hivyo hukipunguzia pia uhuru wa kuifikia breki.

Niliporudi, aliisimamisha pikipiki wima, magurudumu yakiwa yamebanwa kati ya matairi makuukuu, akanitaka nipande, niketi, kisha nisimame kama ninayeshuka mlima. Alizunguka akanitazama kwa upande kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akachukua chaki, akapiga alama kwenye buti mahali linapogusa chuma cha kuwekea mguu, na alama nyingine kwenye fremu kuonyesha usawa wa pedeli ya breki. Vipimo vyake vyote vilitoka kwenye alama hizo mbili.

Pedeli ndiyo iliyokuwa na kosa kubwa kuliko yote, nami nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa naamini waendeshaji wengi wanaougua kifundo cha kulia wanateseka kwa sababu hiyo hiyo bila kujua. Pikipiki yangu ni ya injini ya sentimita za ujazo 125, aina ile ndefu yenye gurudumu la mbele la inchi 21, na breki yake ya nyuma ni ya ngoma. Pedeli ya breki hiyo hupumzika juu ya bolti fupi inayoweka kikomo cha kimo chake. Yangu ilikuwa imewekwa juu ya usawa wa chuma cha kuwekea mguu. Mtu mwenye kifundo kizima, akiwa ameketi, hawezi hata kugundua kwamba iko juu. Akisimama mambo hubadilika, kwa sababu magoti huenda mbele, muundi huinama, na wayo hulazimika kukunjika kuelekea muundi zaidi ya hapo ili vidole vipite juu ya pedeli. Mimi sikuwa na mkunjo huo. Kwa hiyo, kila nilipotaka kushika breki ya nyuma nikiwa nimesimama, nilikuwa nikiinua mguu mzima kutoka kwenye chuma chake, nikibaki nimesimama kwa mguu mmoja juu ya pikipiki inayorukaruka, kisha naushusha kwa kishindo juu ya pedeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa likijifunga na kuteleza, na mshtuko wote ulirudi kwenye kifundo.

Fundi aliilegeza bolti hiyo hadi pedeli ikawa karibu milimita 15 chini ya usawa wa chuma. Pedeli ikishushwa namna hiyo, fimbo inayovuta breki hulazimika kurekebishwa upya kwa nati iliyo nyuma karibu na gurudumu, ili pedeli ibaki na ulegevu wa milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kushika. Ulegevu ukikosekana, viatu vya breki, yaani vile vipande vinavyosugua ngoma ili kuizuia, huburuza ndani yake na kupata moto, na ukizidi, pedeli hugota chini kabla breki haijashika. Alirekebisha, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza, akarudia. Halafu akachomelea kipande kidogo cha bamba kwenye ncha ya pedeli, akakitia meno kwa msumeno, ili buti gumu liweze kuihisi pedeli bila vidole kuitafuta. Nilipopanda tena na kusimama, wayo wangu ulikuwa juu ya pedeli bila kifundo kufanya kazi yoyote. Sikuwa nimesimama namna hiyo tangu Machi.

Kazi ya pili ilikuwa ya usukani. Aliuinua kwa vitalu vya alumini vyenye kimo cha milimita 30, akauegemeza mbele kidogo. Mwanzoni sikuona uhusiano wa usukani na kifundo, hadi aliponieleza kwamba usukani ukiwa chini, mwendeshaji anayesimama hulazimika kukunja magoti na kuinama ili kuufikia, na magoti yanapokunjika vifundo navyo hukunjika. Usukani ukipanda, mwili husimama wima zaidi na kifundo hupumzika. Alipomaliza kuufunga aliwasha injini, akaugeuza hadi mwisho upande wa kushoto, kisha wa kulia, akisikiliza kama mlio unapanda, kwa maana waya wa mafuta, ule unaoongeza mwendo wa injini, ukivutika usukani unapogeuzwa, pikipiki inaweza kuongeza mwendo yenyewe kwenye kona. Nimeona karakana zinazoinua usukani bila kufanya jaribio hilo la dakika moja.

Vyuma vya kuwekea miguu alivipanua kutoka milimita 35 hadi 55. Pamoja na hilo alinipa agizo ambalo mtaalamu wa fiziotherapia alilithibitisha baadaye: nisimame kwa uvungu wa wayo, wala si kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Waendeshaji hodari husimama kwa sehemu ile ya mbele kwa kuwa kifundo na shavu la mguu hufanya kazi kama springi ya ziada. Springi hiyo kwangu ilikuwa imevunjika. Uzito ukiangukia uvungu, karibu na kifundo chenyewe, nguvu inayojaribu kukikunja hupungua sana, na magoti ndiyo yanayobeba mishtuko.

Tulibishana kuhusu kiti. Mimi nilitaka kipunguzwe, kwa sababu pikipiki hii ni ndefu na nilikuwa na hofu ya kuweka mguu wa kulia chini mahali pasipo sawa. Fundi alikataa kukata sifongo. Alisema kwamba kiti kikishuka, safari ya kuinuka kutoka kwenye kiti hadi kusimama huwa ndefu, na kila ninapoinuka magoti na vifundo vitaanza vikiwa vimekunjika zaidi, yaani nitakuwa nimeondoa tatizo nikisimama kwenye taa za barabarani na kulipeleka porini ambako ninasimama na kuketi mara mia kwa siku. Badala yake alinifundisha kuegemea kushoto kila ninaposimama, na kuchagua mahali pa kusimama kabla ya kufika. Nilikubali shingo upande. Baada ya wiki tatu za kazi nimeridhika kwamba alikuwa na haki, ingawa mtu mfupi kuliko mimi anaweza kuwa na sababu ya kuendelea kubishana naye.

Jambo ambalo sikulitarajia ni suala la kuwasha. Pikipiki yangu ina stata ya umeme na kiki, na kiki ipo upande wa kulia. Fundi alipima betri akaikuta na volti 11.9, wakati betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi ikiwa imetulia. Kwa mtu mwenye miguu mizima huo ni usumbufu mdogo, anapiga kiki na kuendelea na safari. Kwangu mimi, kiki inayorudi nyuma kwa nguvu ingeweza kunirudisha kwenye plasta, na betri hiyo ingenifia siku yoyote katika boma la mfugaji mbali na msaada. Alinitaka nibadilishe betri kabla ya jambo jingine lolote, na kwa dharura akanifundisha kupiga kiki kwa mguu wa kushoto, nikiwa nimesimama chini upande wa kulia wa pikipiki iliyoegemea stendi yake. Si rahisi, lakini inawezekana.

Shokamzoba alizipima kwa utepe, kwanza gurudumu la nyuma likining'inia, kisha nikiwa nimepanda na kasha la baridi la chanjo likiwa limefungwa nyuma, kama ninavyosafiri siku za kazi. Kanuni yake ni kwamba uzito wa mpandaji na mzigo unapaswa kuishusha pikipiki kwa takriban theluthi moja ya mwendo wote wa shokamzoba. Nilikuwa nimepungua kilo sita wakati wa kuugua, na kwa hiyo springi iliyokuwa imenifaa Machi ilikuwa ngumu kwangu Julai, nayo ilikuwa ikipeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye miguu. Aliilegeza. Tairi alizipunguza upepo kidogo kwa ajili ya njia za vumbi, cheni akaikaza na kuipaka mafuta. Hizo ni kazi ambazo fundi yeyote mzuri angefanya.

Nilijaribu pikipiki kwa hatua, kama nilivyoagizwa. Wiki ya kwanza nilibaki kwenye njia za changarawe karibu na msitu wa Bahati, saa moja kwa siku. Wiki ya pili nilipanda kuelekea ukingo wa Menengai, na jaribio hilo ndilo lililonipa uhakika. Menengai ni volkano ambayo shimo lake lina takriban kilomita 12 kwa 8, na udongo wa miteremko yake ni majivu laini kama unga wa muhogo wakati wa ukame. Vumbi hilo hujaza mifereji ya magurudumu na kuficha mawe yaliyo chini, kiasi kwamba macho hayawezi kuisoma njia na mwendeshaji hutegemea miguu yake imwambie kilicho chini ya tairi. Kwenye ardhi ya namna hiyo huwezi kuketi. Nilisimama karibu dakika arobaini wakati wa kupanda, nikapumzika juu huku nikitazama bonde ambalo tangu mwaka 2011 limechimbwa visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, kisha nikateremka kwa gia ya kwanza, injini ikinizuia, breki ya nyuma nikiigusa kidogo kidogo kwa wayo uliotulia juu ya chuma chake. Gurudumu la nyuma halikujifunga hata mara moja. Kabla ya marekebisho, mteremko huo ungenitoa machozi.

Jioni kifundo kilivimba. Nasema hivyo ili msomaji asidhani kwamba spana huponya mifupa. Uvimbe baada ya kazi unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya kuvunjika kifundo, na mtaalamu wangu alinieleza kwamba la kuangalia ni kama umepungua kufikia asubuhi. Ulikuwa umepungua. Wiki ya tatu nilirudi Subukia, nikapita kwenye mteremko ule ule niliouangukia, ukiwa sasa umekauka na kuwa mgumu kama tofali, na nikawachanja ndama kumi na wanane kabla ya adhuhuri.

Sasa niyataje mapungufu, maana yapo na mengine ni mazito. La kwanza ni la usalama. Baada ya pedeli kushushwa, swichi ya taa ya breki ilipaswa kusogezwa nayo, na haikusogezwa. Matokeo yake ni kwamba kwa siku nne niliendesha pikipiki ambayo taa yake ya nyuma haikuwaka nilipotumia breki ya mguu. Niliambiwa na mwendeshaji wa boda boda aliyekuwa nyuma yangu jioni moja karibu na Maili Sita, na ninamshukuru kwa kunifuata hadi niliposimama. Swichi hiyo husogezwa kwa mkono kwa muda usiozidi dakika mbili. Fundi alipoelezwa aliomba radhi bila kujitetea, akairekebisha papo hapo, akamwita mmoja wa vijana wake aone kilichosahaulika. Hata hivyo, mtu anayepeleka pikipiki yake huko na aangalie taa hiyo kabla ya kutoka langoni, kwa kuwa kosa lenyewe lingeweza kumgharimu mtu uhai wake barabarani.

La pili ni mlango wa karakana. Mbele ya lango kuna mtaro, na juu ya mtaro kuna ubao mmoja mwembamba usio na pa kushika. Mtu mwenye magongo hawezi kuuvuka bila kushikwa mkono, na mimi nilishikwa. Ndani kuna kiti kimoja cha plastiki, ambacho kwa kawaida kimewekewa vipuri. Ikiwa karakana hii itaendelea kuwapokea watu wanaopona, na ninaamini inapaswa kuendelea, mbao mbili pana zilizopigiliwa pamoja na benchi moja ya kukalia ni gharama ndogo mno kulinganisha na hatari ya mteja kuanguka mtaroni na kuvunjika upya.

La tatu ni muda. Nilielezwa kwamba kazi itachukua siku mbili, ikachukua tano, kwa sababu vyuma vya kuwekea miguu vilisubiri zamu ya mashine ya kuchomelea na Boxer za watu wanaotafuta riziki ya siku zilitangulizwa mbele yangu. Siwezi kulalamika sana kwamba mwenye boda boda ametangulizwa, kwa kuwa pikipiki yake isipotembea, jioni nyumba yake haina unga. Lakini mteja aelezwe ukweli tangu mwanzo. Risiti nayo haipo, isipokuwa ujumbe wa M-Pesa, na anayehitaji kurudishiwa gharama na mwajiri wake atapaswa kuomba karatasi iandikwe kwa mkono na kutiwa sahihi, jambo ambalo fundi hulifanya akiombwa.

Gharama yangu yote ilikuwa shilingi 11,400: kazi ya mikono 3,500, vitalu vya usukani 2,800, vyuma vya miguu 1,500 na betri 3,600. Ningeweza kuacha vyuma vya miguu kwanza na kuviongeza baadaye. Kushushwa kwa pedeli, ambako ndiko kulikonisaidia kuliko yote, hakukuhitaji kipuri hata kimoja isipokuwa ule mkato wa bamba, na mtu mwenye fedha kidogo anaweza kuomba hilo pekee.

Kuna watu ambao sitawashauri waende huko. Aliyetoka kwenye plasta jana, ambaye bado hawezi kusimama kwa mguu mmoja, hatasaidiwa na usukani ulioinuliwa, na fundi mwenyewe humrudisha. Nilimwona akimrudisha kijana mmoja aliyekuja na kidonda cha upasuaji ambacho hakijafunga, akamwambia aje na ruhusa ya daktari. Vivyo hivyo, mtu ambaye kazi yake ni ya barabara za lami peke yake ataona mabadiliko machache, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii inahusu kusimama, na kwenye lami mtu huketi. Lakini kwa muuguzi wa kijijini, afisa wa ugani, mpeleka maziwa na yeyote ambaye riziki yake iko mwisho wa njia ya vumbi, sijaona mahali pengine Nakuru panapompima mtu kwanza kabla ya kuipima pikipiki yake.

Kabla ya kunikabidhi ufunguo, fundi alipaka nukta tatu za rangi nyeupe kando ya bolti ya pedeli. Ya chini ni ya mguu niliompelekea, ya juu ni ya kimo cha kawaida kwa mwenye kifundo kizima, na ya katikati ni ya njiani. Alinitaka nirudi kila kipimo cha ukutani kinapoongezeka, apandishe pedeli bila malipo, ili kifundo kisizoee kusaidiwa kikaacha kujifunza kazi yake. Wiki iliyopita nilipimwa sentimita 8. Jumamosi asubuhi nilivuka ule ubao wa mtaro bila kushikwa mkono, na pedeli sasa iko kwenye nukta ya katikati, swichi ya taa ikiwa imesogezwa pamoja nayo.